Gereji ya Wasomaji: Bamba la joto likilegea, likazwe au ling'olewe?

Barua tulizochagua safari hii zinahusu yale mabamba membamba ya bati yanayofunika ekzosi, ambayo gereji nyingi za Nairobi huyaita hiti-shildi. Swali la kwanza limeulizwa na wengi kwa maneno tofauti, kwa hivyo tumelijibu kwa urefu.

Naendesha Toyota Fielder, ni teksi. Nikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road, gia iko D na mguu uko kwenye breki, chini ya gari kunalia zzzr mfululizo. Nikikanyaga mafuta kelele inapotea. Fundi alinionyesha bati lililolegea juu ya ekzosi akasema tuling'oe, eti halina kazi. Niling'oe?
*Dereva, Umoja*

Usiling'oe bado, ndugu yetu. Fundi wako amepata chanzo cha kelele, ila hapo kwa "halina kazi" ndipo tunapoachana naye.

Ekzosi haina joto sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye manifoldi, pale moshi unapotoka injini, chuma hufika nyuzi 400 hadi 700 za Selsiasi, na injini ya petroli ikipanda mlima na mzigo hupita hapo. Katalitiki nayo, kile kitungi cha kusafishia moshi kilicho kwenye bomba la ekzosi, hufanya kazi kati ya nyuzi 400 na 800. Ukifika sailensa ya nyuma joto limeshuka sana, mara nyingi ni nyuzi mia moja na kitu au mia mbili. Sasa tazama kilichoko juu ya bomba hilo: zulia la gari na sponji yake, waya za sensa, kebo ya hendibreki, paipu za petroli na za breki, na kwa magari mengi tangi lenyewe. Mafuta ya breki ya DOT 3 yaliyokwisha kunywa unyevu yanaweza kuchemka kuanzia nyuzi 140 tu. Yakichemka, kanyagio linazama hadi sakafuni na gari halisimami.

Bamba hufanya kazi kwa njia mbili. Uso wake unaong'aa hurudisha joto lilikotoka, na ile nafasi ya hewa kati yake na bomba huzuia joto lisipite haraka. Ndiyo maana bamba lililobonyea likagusa bomba huleta hasara mara mbili: linapiga kelele na linapitisha joto.

Kabla ya kulikaza, hakikisha ndilo linalolia. Acha gari lipoe saa mbili nzima. Vaa glavu, kisha gonga kila bamba kwa ngumi au kwa nyundo ya mpira. Lililolegea hujitangaza lenyewe. Halafu gonga mwili wa katalitiki. Ukisikia kama changarawe ndani ya mkebe, sega la ndani limevunjika na hakuna klipu itakayolitibu. Tikisa ekzosi yote kwa mkono pia. Raba zinazoibeba zikiwa zimechakaa, bomba lenyewe hugonga sakafu, na hiyo kelele ni nzito zaidi, huja kwenye matuta kuliko kwenye foleni. Mlio wa tik-tik unaosikika asubuhi injini ikiwa baridi na kupotea ikipata moto ni habari nyingine: moshi unavuja kwenye gasketi ya manifoldi.

Kwa nini linalia ukiwa D na umesimama? Injini inazunguka polepole huku ikibanwa na gia, kwa hivyo inatetemeka kwa mtetemo mzito. Bamba lililopoteza bolti moja hupata mtetemo wake hapo. Ukiongeza mizunguko, mtetemo unabadilika na kelele inakatika. Haimaanishi bamba limejishika.

Tatizo lenyewe mara nyingi liko kwenye tundu la bolti. Bamba ni alumini au chuma kilichopakwa alumini, bolti ni ya chuma cha kawaida, na tope la msimu wa mvua likikaa hapo katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Tundu la milimita 6 linakuwa la milimita 15, kichwa cha bolti kinapita, bamba linaning'inia. Bolti yenyewe unaikuta ingali imekazwa vizuri mahali pake, haina inachokishika.

Dawa ni washa pana, vile visahani vya chuma vyenye tundu vinavyokaa chini ya kichwa cha bolti. Magari mengi ya Kijapani yana bolti za M6 hapo, zinazofunguliwa kwa spana namba 10. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, ngoja dakika 20, kisha fungua kwa kwenda na kurudi robo mzunguko. Ukilazimisha kwa mkupuo mmoja kichwa kitabaki ndani ya spana. Sugua kwa brashi ya waya. Weka washa za stenlesi zenye tundu la milimita 6 na upana wa nje wa milimita 25 hadi 30, moja juu ya bamba na moja chini, ili tundu lililoliwa libanwe katikati. Kaza kwa nguvu ya mkono tu, karibu nyutoni-mita 8 hadi 10. Ukishindilia unaivua nati iliyochomelewa kwenye sakafu, na hapo ndipo kazi ya dakika kumi inageuka kuwa ya siku nzima.

Tunasisitiza jambo moja ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Bamba refu la alumini linahitaji nafasi ya kutanuka. La mita moja likipanda nyuzi 100 linaongezeka karibu milimita 2.3. Ndiyo sababu matundu mengine kiwandani yametobolewa marefu kama yai. Usiyazibe na usiyachomelee.

Kama bamba ni lile linalozunguka katalitiki au bomba, na masikio yake yamekatika, tumia klipu ya kukazia mipira ya maji, ya stenlesi. Zungusha uzi kwenye bamba, upime, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Klipu moja isipofika, fungua mbili uziunganishe mkia kwa kichwa. Kichwa cha skrubu kiangalie pembeni, kisiangalie chini, la sivyo tuta la kwanza litakivunja. Kaza mpaka bamba liache kulia ukiligonga, halafu simama. Ukizidisha linabonyea na kukumbatia bomba. Klipu mbili, moja mbele na moja nyuma, hushika vizuri kuliko moja ya katikati. Endesha siku chache, acha gari lipoe, urudi kukaza mara moja.

Usifunge kwa kamba za plastiki, zitayeyuka kabla hujafika Donholm. Waya wa kufungia kuku au nondo hushika kwa muda, kisha hushika kutu na kukata bamba kama msumeno. Na asikudanganye mtu kulipaka lami ya chini ya gari ili linyamaze. Litanyamaza, ndiyo, na litafuka moshi.

Injini ilifunguliwa kubadilisha gasketi. Baada ya hapo naona lile bamba la juu ya manifoldi halipo, na gari linatembea vizuri tu. Kwa nini nihangaike kulirudisha?
*Mama mwenye Vitz, Kahawa West*

Kwa sababu, mama, la manifoldi ndilo la kwanza tungelirudisha kati ya yote ya gari. Gari litatembea vizuri leo na mwezi ujao. Uharibifu wa hapo huja polepole: ngozi ya waya za sensa ya oksijeni inakauka na kupasuka, soketi za plastiki zinavunjika ukizigusa, mipira ya maji iliyo karibu inakuwa migumu. Miezi baadaye taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, unauziwa sensa mpya, na tatizo linarudi kwa sababu kilichoiua ya kwanza bado kipo.

Hatari kubwa zaidi ni mafuta. Gasketi ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, huvuja kwa magari mengi yenye umri, na kwa muundo wa injini nyingi mafuta hayo hushuka upande wa manifoldi. Bamba likiwepo hupokea matone na kuyapeleka pembeni. Lisipokuwepo, mafuta yanadondokea chuma cha nyuzi 500. Kwanza utasikia harufu ukiwa foleni, kisha moshi kwenye kingo za boneti. Yakiwa mengi yanawaka. Kwa hivyo fungua boneti uangalie: kama kuna unyevu mweusi ukingoni mwa tapeti kava upande wa ekzosi, gasketi na bamba ni kazi ya siku hiyo hiyo.

Rudi kwa fundi aliyefungua kabla hajasafisha gereji yake. Bamba la manifoldi haliibwi sana, husahaulika pembeni kwa sababu bolti zake, mara nyingi M6 au M8, zilikatika wakati wa kufungua na mtu hakutaka kazi ya kuzitoboa. Kama ndivyo, vipande vilivyobaki ndani vitobolewe katikati kwa uangalifu, kuanzia na keekee ndogo, na njia ya nyuzi isafishwe kwa tapu, kile kifaa cha kuchonga nyuzi za bolti. Bolti mpya zipakwe kidogo dawa ya kuzuia kushikana, ile ya shaba au nikeli inayostahimili joto. Grisi ya kawaida itaungua na kuacha masizi.

Nikitaka bamba jipya, ninunue la mtumba Kirinyaga Road au nichongewe na jua kali?
*Msomaji, Ngara*

Inategemea umbo. La manifoldi lina mikunjo na matundu ya sensa ambayo hayachongeki kirahisi, na likikosea milimita kadhaa linagusa au linalia. Hilo tafuta la mtumba linalolingana na aina ya injini yako, siyo jina la gari peke yake, maana Fielder mbili zinaweza kuwa na injini tofauti. Lipime kwa macho kwenye mwanga: shikilia juu ya taa ya simu uone kama kuna vitundu vya kutu, na uangalie matundu ya bolti yote. Lenye tundu moja lililoliwa chukua kwa bei ya chini, washa italimaliza. Lenye ufa unaotoka kwenye tundu kuelekea katikati, liache. Ufa huo utaendelea.

Bamba la sakafuni juu ya bomba la katikati au la sailensa ni karatasi iliyokunjwa tu, na mafundi wa mabati wa Kamukunji wanaweza kulitoa kwa asubuhi moja. Chukua la zamani, hata likiwa vipande, liwe sampuli. Kama halipo, kata boksi gumu liwe kielelezo, ulijaribu chini ya gari kwanza.

Kuhusu malighafi, karatasi ya alumini ya milimita 0.8 hadi 1 inatosha kuanzia nyuma ya katalitiki hadi sailensa. Karibu na manifoldi au katalitiki usiitumie. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na muda mrefu kabla ya hapo inalegea na kupoteza umbo. Huko weka stenlesi ya milimita 0.5 hadi 0.8. Mabati ya kuezekea, geji 28 au 30, tunayaona mengi chini ya magari. Juu ya sailensa ya nyuma yatavumilia kwa muda, ingawa ni membamba na hupiga kelele. Karibu na injini hayafai hata kidogo, kwani zinki inayoyafunika huyeyuka kwa nyuzi 419, na yale ya rangi yatakunukia wiki nzima. Mwambie fundi akunje kingo milimita 5 au 6. Ukingo uliokunjwa hautetemeki na haukati vidole. Nafasi kati ya bamba na bomba iwe milimita 10 hadi 20 kila mahali, na pale linapotengeneza bakuli atoboe kitundu cha kutolea maji.

Akitaka kuchomelea chochote chini ya gari, betri itolewe nyaya kwanza. Karibu na tangi la petroli asichomelee kabisa. Hapo ni bolti, riveti au klipu.

Nina X-Trail, naenda Kajiado kila wikendi na naegesha shambani kwenye nyasi. Bamba la chini ya katalitiki lilidondoka. Jirani anasema linalinda nyasi, siyo gari. Kweli?
*Msomaji, Kitengela*

Jirani yako amesema vyema, ila gari likiwa limesimama juu ya nyasi zinazowaka, tofauti hiyo haitakusaidia. Katalitiki nyingi zina bamba la juu linalolinda sakafu na la chini linaloangalia ardhi. La chini ndilo linalogongwa na mawe na matuta, hulia mapema, na ndilo mafundi hung'oa kwanza. Kwa anayetembea lami ya Nairobi pekee na kuegesha kwenye saruji, kulikosa kwa muda si balaa. Kwako wewe ni balaa. Nyasi kavu zikigusa chuma cha nyuzi 300 na zaidi kwa muda huanza kufuka, na katalitiki iliyotoka safari inavuka kiwango hicho.

Katalitiki hupata moto kupita kiasi plagi moja isipochoma. Petroli mbichi inaingia ekzosi na kuungulia ndani ya sega, joto linaweza kupita nyuzi 1,000, na ukichungulia usiku unaona chuma kikiwaka rangi nyekundu. Kwa hivyo gari linalokatakata moto lisipelekwe shambani hata kama mabamba yote yapo.

Kama X-Trail yako ni ya dizeli na ina chujio la masizi, sikiliza zaidi. Chujio hilo hujisafisha lenyewe kwa kuchoma masizi kwa nyuzi 550 hadi 650, na linaweza kuanza kazi hiyo wakati wowote baada ya mwendo, pamoja na unapoingia shambani. Wenye Mazda CX-5 za dizeli, ambazo zimejaa mjini, wajihesabu hapa pia. Hakuna bamba la hiari kwenye gari la namna hiyo.

Mpaka upate la kuweka, egesha kwenye udongo mtupu, na kila ukitoka kwenye nyasi ndefu simama uchungulie chini. Nyasi hujisokota kati ya bomba na bamba la juu na kukaa hapo zikikauka. Zitoe kwa fimbo au koleo, usitumie mkono.

Nimetoka Magadi, tangu nirudi kuna kelele ya bati. Bolti zote zipo.
*Msomaji, Rongai*

Ni kokoto imenasa kati ya bamba na bomba. Gari likiwa baridi, ipulize kwa hewa ya kompresa au ichomoe kwa waya mgumu. Ukipanua bamba kwa bisibisi ili itoke, lirudishe umbo lake kabla ya kushuka kwenye jeki. Na jeki peke yake haitoshi kukuweka chini ya gari. Weka stendi mbili, na mawe au mbao kwenye magurudumu yanayobaki chini.

Badala ya bamba, naweza kuzungushia bomba ule utepe wa nyuzi za kioo kama magari ya rali?
*Msomaji, Buruburu*

Gari la rali hufunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mashindano. Lako litakaguliwa likianza kupiga kelele. Utepe ule hunywa maji ya mvua na ya kuoshea gari, ukayashikilia kwenye chuma, na bomba la kawaida huoza kutoka nje bila wewe kuona. Katalitiki usiizungushie kamwe, maana unaifungia joto ndani nayo inahitaji kulitoa. Tungeukubali mahali pamoja tu: kipande kifupi cha bomba la stenlesi kinachopita karibu mno na waya au mpira, ambapo bamba halipati nafasi. Hata hapo, sogeza waya kwanza ikiwezekana.

Gari langu jipya la mtumba kutoka Japani lina mabamba yaliyooza wakati juu linang'aa. Limewezaje kuoza hivyo na umri wake ni mdogo?
*Msomaji, Syokimau*

Chumvi. Sehemu za kaskazini mwa Japani barabara hutiwa chumvi ya kuyeyushia barafu wakati wa baridi, na gari lililoishi huko huliwa chini hata likiwa ndani ya ile miaka 8 inayoruhusiwa kuingizwa Kenya. Mabamba ni membamba kuliko kila kitu kingine huko chini, ndiyo maana yamekuwa ya kwanza kukwambia. Usiishie kwayo. Lipandishe, uangalie paipu za breki kwa urefu wote, mikanda inayobeba tangi, na maungio ya sabfremu, ile fremu ndogo inayobeba injini na miguu ya gari. Chokonoa kwa bisibisi pale penye magamba ya kutu. Ikiwa bisibisi inazama kwenye paipu au mkanda, anza na hivyo, mabamba yasubiri klipu zake wiki ijayo.